Kompyuta ni ya Mwajiri, Barua ni ya Nani?



Mimi ni msomaji wa siku nyingi na kawaida yangu ni kusoma nikapita. Leo nimeshindwa kupita. Jambo hili limenikaa rohoni tangu mwaka 2023, na lililonifanya nikae kitako niandike ni maneno niliyoyasikia kwenye harusi moja hapa Uingereza wiki chache zilizopita.

Tulikuwa mezani, pilau imeshaliwa, watu wanapiga soga. Kaka yetu mmoja, mtu mzima na heshima zake, ambaye siku hizi ana wakala wake wa kupeleka walezi kwenye majumba ya wazee, akawa anajisifu kwamba ameweka programu inayopiga picha ya kila skrini ya ofisi yake kila baada ya dakika chache. Anaona nani anafungua nini, nani anamwandikia nani. Mtu mmoja akamuuliza, na wenyewe wanajua? Akajibu: "Kompyuta yangu, umeme wangu, intaneti nalipa mimi. Asiyetaka kuonwa asiguse." Na meza nzima ikaitikia kweli kabisa, kweli kabisa! Watu ambao miaka kumi iliyopita walikuwa wanabeba boksi kama mimi, wakilia kila Jumapili jinsi mabosi wa kizungu wanavyowanyanyasa.

Nilinyamaza kwa adabu ya harusi. Hapa hakuna pilau ya kuharibu, kwa hiyo nitasema.

Mimi ni muuguzi. Nina shahada, lakini kabla ya shahada nimefuta sakafu na nimeogesha wazee kwa mshahara wa chini kabisa, kwa hiyo sizungumzii watu niliowasoma vitabuni. Mwaka 2023, mwezi wa Ramadhani, nilikuwa nachukua zamu za usiku kwenye nyumba moja ya kulelea wazee. Mji nauacha na jina la nyumba naliacha. Humo alikuwamo dada mmoja wa kwetu, wa pwani hiyo hiyo yetu, aliyekuja kwa viza ya ulezi. Simu za mkononi zilikuwa marufuku kwenye vyumba na korido, zinafungiwa kwenye kabati la wafanyakazi, na mimi sina ugomvi na hilo hata kidogo. Mzee aliyevuliwa nguo ili aogeshwe hastahili kamera ya simu ya mtu karibu yake. Lakini kijitabu cha wafanyakazi kiliruhusu mtu kutumia kompyuta ya ofisi wakati wa mapumziko kwa mambo yake madogo madogo. Basi dada yule, saa nane usiku, wazee wamelala, alikuwa anafungua WhatsApp kwenye kompyuta ile na kuandikiana na nyumbani, ambako saa hizo watu wanaamkia daku.

Asubuhi moja zamu imekwisha, nimeshavaa koti, meneja akaniita ofisini. Mezani kulikuwa na kurasa kumi na tisa, picha za skrini zilizochapwa kwa rangi. Akanisogezea kwa tabasamu, kama jirani anayeomba sukari. "Wewe na fulani mnasema lugha moja, si ndiyo? Hebu nisomee hapa anasema nini."

Nikasoma. Nasema ukweli wangu mbele yenu: nikasoma. Mtu aliyelelewa kwa Kiswahili akiwekewa Kiswahili mbele ya macho huwa ameshasoma kabla hajaamua kusoma. Mistari mitatu. Haikuhusu kazi, haikumhusu mzee yeyote wala meneja mwenyewe. Yalikuwa mambo ya mwili wa mwanamke na ya nyumba yake, mambo ya kumwambia ndugu wa tumbo moja na basi. Zaidi ya hapo sisemi, maana nikisema nitakuwa nimemfanyia yule meneja kazi yake bure.

Nikazirudisha zile karatasi. Nikamwambia hizi ni barua za mtu. Kama kuna tuhuma, muite mwenyewe umwambie tuhuma, na kama ni lazima zisomwe, tafuta mfasiri wa kulipwa, zisomwe mbele yake na mbele ya mtu wa kumtetea. Mimi nimeajiriwa kutoa dawa. Akanijibu nisikuze mambo, kompyuta ni ya kampuni na kijitabu kimesema. Na kweli, nilipokwenda kukitafuta kile kijitabu, kwenye ukurasa wa arobaini na kitu, chini ya habari za kuzima taa na vifaa vya umeme, palikuwa na sentensi moja kwamba mwajiri ana haki ya kufuatilia matumizi ya vifaa vyake. Sentensi moja! Hakuna neno kuhusu picha za skrini. Hakuna neno kuhusu nani anazitazama, zinahifadhiwa muda gani, wala kwamba ataitwa mfanyakazi mwenzako mnayesali naye azifasiri.

Yule dada akapewa karipio la maandishi kwa "kutumia muda vibaya". Mimi simu ya zamu ikaacha kulia. Hilo la zamu si kitu, nilipata kwingine. Lililoniuma ni kwamba habari zilimfikia, maana sisi huku tunaishi kama kijiji. Tukakutana kwenye duka la nyama ya halali, akanivuta kando penye magunia ya mchele akaniuliza, "Dada, ulisoma mpaka wapi?" Nikamwambia mistari mitatu. Kama aliniamini sijui. Mpaka leo tukikutana tunapeana salamu ya juu juu, kila mtu ana haraka.

Sasa kaka yangu wa harusini, turudi kwenye hoja yako. Unasema kompyuta ni yako. Sikatai, ni yako. Lakini tusidanganyane, wewe mwenyewe ulipanga chumba kwa miaka kadhaa kabla hujanunua nyumba. Nyumba ilikuwa ya mwenye nyumba, kitasa chake, kitanda chake, hata pazia lake. Je, alikuwa na ruhusa ya kuingia usiku bila hodi akafungua sanduku lako na kusoma barua za mkeo? Ungekubali akikwambia "asiyetaka kuonwa asilale"? Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba hata kwa ndugu yako wa damu unasimama mlangoni, unapiga hodi, usipoitikiwa unarudi. Leo tumefika Ulaya tumeambiwa kuna programu, basi hodi imekufa?

Na msiniambie kwamba hizi ni hisia za wanawake. Sheria imeshayasema haya zamani, ila hatusomi. Mwaka 1997 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ile iliyoko Strasbourg, iliamua kesi ya Alison Halford, aliyekuwa afisa wa ngazi ya juu wa polisi wa Merseyside. Simu za ofisini kwake zilikuwa zinasikilizwa wakati yeye ana kesi dhidi ya wakubwa wake kwamba wanambagua kwa kuwa ni mwanamke. Serikali ya Uingereza ikajitetea kwa hoja hii hii ya kaka yetu, kwamba simu ni za ofisi. Ikashindwa. Angalieni na mazingira yake: aliyekuwa anasikilizwa ni mtu aliyethubutu kulalamika. Hilo lishikeni, nitalirudia.

Ikaja kesi ya Lynette Copland, aliyekuwa mfanyakazi wa chuo kimoja huko Wales. Yeye hata maneno yake hayakusomwa, kilichoangaliwa ni namba alizopiga, anwani za barua pepe na tovuti alizofungua, siku gani, saa ngapi na kwa muda gani. Chuo hakikuwa kimemwambia lolote. Aprili 2007 mahakama ikasema hata hiyo ni kuingilia maisha yake binafsi na mawasiliano yake, ikampa fidia ya euro 3,000.

Lakini kesi ambayo ningependa ichapwe na kubandikwa kwenye kila chumba cha mapumziko ni ya Bogdan Bărbulescu wa Romania, mhandisi wa mauzo kwenye kampuni binafsi. Mwajiri alimtaka afungue akaunti ya Yahoo Messenger ya kujibu wateja. Kanuni za kampuni zilikataza kabisa matumizi binafsi. Julai 2007 wakamfuatilia kwa siku kadhaa kisha wakamuuliza, akasema naitumia kwa kazi tu. Wakamtolea kurasa 45 za mazungumzo yake na kaka yake na mchumba wake, yakiwemo ya afya yake na ya faragha ya chumbani. Akafukuzwa. Mahakama za kwao zikampa ushindi mwajiri, na Januari 2016 hata Strasbourg, kwenye jopo la kwanza, ikampa ushindi mwajiri. Nakumbuka magazeti ya hapa siku ile: mabosi sasa ruksa kusoma ujumbe wako! Wengi wetu tuliishia hapo. Lakini Septemba 2017 Baraza Kuu la mahakama hiyo likaupindua uamuzi kwa kura 11 dhidi ya 6. Fidia hakupewa, ila kanuni zilizowekwa ni kubwa. Kwamba mwajiri anaweza kubana, anaweza kukataza, lakini hawezi kuyafuta maisha ya mtu yakawa sifuri kwa sababu tu yuko kazini. Kwamba haitoshi kumwambia mtu usitumie, lazima umwambie mapema kwamba unamtazama, unamtazama vipi na kwa kina gani. Kwamba kusoma maneno ya mtu kunahitaji sababu nzito kuliko kujua tu kwamba ameandika. Na kwamba lazima ujiulize kama hapakuwa na njia nyepesi zaidi.

Najua kuna mtu atasema hayo ya Ulaya yaliisha na Brexit. Hapana! Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya Januari 2020, lakini Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu ni kitu kingine, na Kifungu chake cha 8 kimo ndani ya Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998 ya hapa hapa. Na Ofisi ya Kamishna wa Taarifa ilitoa mwongozo wake mpya wa kufuatilia wafanyakazi mwezi Oktoba 2023: uwe na sababu halali, uwaambie watu, upime madhara kabla ya kuanza, uchague njia isiyoumiza sana. Februari 2024 ofisi hiyo hiyo iliiamuru Serco Leisure iache kutumia utambuzi wa sura na alama za vidole kuhesabu mahudhurio ya wafanyakazi zaidi ya 2,000. Kampuni kubwa kama ile imeambiwa acha, sembuse wakala wa vyumba viwili juu ya kinyozi?

Sasa niseme upande wa pili, maana sitaki mtu anijibu hoja ambayo sikuitoa.

Mimi siamini kwamba kazini pasiwe na ufuatiliaji wowote. Mimi muuguzi, kila ninapofungua faili la mgonjwa kwenye kompyuta, jina langu linabaki pale na saa niliyofungua. Nataka libaki! Mnajua kwa nini? Kuna muuguzi mmoja wa Finland ambaye mahakama ilimficha jina ikamwita I. Alikuwa na virusi vya Ukimwi, akafanya kazi idara ya macho kwenye hospitali moja ya umma na kutibiwa hospitali hiyo hiyo, idara ya magonjwa ya kuambukiza. Akaanza kuhisi wafanyakazi wenzake wamejua. Alipotaka ichunguzwe nani alifungua faili lake, ikaonekana mfumo unaonyesha matumizi matano tu ya mwisho, tena kwa idara na si kwa jina la mtu, na faili likirudi kwenye kumbukumbu hata hayo yanafutika. Hakuweza kuthibitisha chochote. Julai 2008 Strasbourg ikasema nchi yake imemkosea, kwa sababu hospitali haikuweka ulinzi wa kujua nani kaingia kwenye siri yake.

Kwa hiyo kuna kufuatilia kunakolinda siri na kuna kufuatilia kunakoivunja, na huyu anayesema "kufuatilia ni kufuatilia tu" hajafikiri. Ile kumbukumbu ya faili la mgonjwa inamlinda aliyelala kitandani dhidi yangu mimi niliyesimama na ufunguo. Inajulikana, tulifundishwa siku ya kwanza. Inahusu mfumo wa wagonjwa tu, haijali nikimaliza zamu namwandikia nani. Na hufunguliwa pakiwa na swali la kujibiwa. Zile kurasa kumi na tisa zinafanya kinyume chake, zinampa mwenye nguvu jicho la kumtazama asiye na nguvu, kwa siri, kwa kila kitu, eti huenda kikapatikana kitu.

Mwajiri anaogopa muda kupotea? Afunge tovuti anazotaka kufunga. Kufunga mlango si sawa na kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Nikikuta Facebook imezibwa kazini naona sawa, nitasubiri nifike nyumbani. Anaogopa kazi haifanyiki? Basi apime kazi! Je, mzee wa chumba namba saba amegeuzwa kila baada ya saa mbili? Dawa imetolewa kwa wakati? Karatasi ya maji aliyokunywa imejazwa? Huyo dada ninayemzungumzia, karatasi zake zote zilikuwa zimejazwa, naapa, nilikuwa nazisaini mimi. Hakuna aliyeziangalia. Waliangalia skrini kwa sababu skrini hutazamwa ukiwa umekaa na kikombe cha chai, na mzee hatazamwi mpaka uinuke.

Lingine ni la usalama. Virusi, wadukuzi, tutashambuliwa. Tarehe 12 Mei 2017 ilipokuja ile WannaCry, mashirika ya hospitali yasiyopungua 81 kati ya 236 ya Uingereza yaliguswa, miadi ya wagonjwa ikafutwa kwa maelfu. Baada ya hapo kila kona tulihubiriwa jinsi wafanyakazi wanavyohatarisha mtandao kwa kufungua fungua vitu. Lakini uchunguzi wa serikali yenyewe ulionyesha kwamba kile kirusi kiliingilia kwenye mashine ambazo hazikuwa zimewekewa marekebisho ambayo Microsoft ilikwisha kuyatoa mwezi Machi. Wenye kompyuta hawakuzihudumia kompyuta zao! Ukipiga picha elfu ya skrini ya mlezi wa usiku huzibi hilo tundu. Tena umejiongezea ghala jipya la siri za watu ambalo mwizi akiingia atashukuru.

Sasa nakuja kwenye kiini, na hapa naomba wale wenye nyaraka za kudumu wanisikilize vizuri maana wamesahau. Wanasema alisaini. Kijitabu alipewa, alisaini, alikubali. Alikubali! Viza ile ya afya na ulezi ilianza Agosti 2020, walezi wakaingizwa Februari 2022, na Julai 2025 mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje ukafungwa. Katika miaka ile zimekuja familia nyingi, na viza ya kila mmoja imefungwa kwenye udhamini wa mwajiri wake. Mwajiri akiondoa udhamini, kwa kawaida mtu hupewa siku 60 apate mdhamini mwingine au aondoke nchini. Wengine waliuza viwanja kulipia safari. Mtu wa namna hiyo ukimwekea karatasi mbele umwambie saini hapa, atasaini chochote, hata kwamba usiku yeye ni popo. Ndiyo maana wasimamizi wa sheria za taarifa wenyewe wanasema idhini ya mfanyakazi kwa mwajiri wake ni dhaifu na mara nyingi haifai kuwa msingi, kwa sababu hana uhuru wa kusema hapana.

Na hapa ndipo ninaporudi kwa yule mama wa polisi. Ufuatiliaji hauishii kwenye tovuti. Mtu anayejua anatazamwa hawezi kuandika kwa chama cha wafanyakazi kwamba tuko wawili kwa wazee thelathini. Hawezi kumuuliza wakili kuhusu viza. Hawezi kusoma habari za siasa za kwao bila kufikiri nani mwingine anasoma begani kwake. Nyinyi mnaopenda kujadili uchaguzi wa nyumbani saa za kazi, na tuko wengi, hebu fikirini ile picha ya skrini yako yenye jina lako, uliyoandika kwa hasira kuhusu fulani na fulani, imechapwa, iko kwenye droo ya ofisi ya mtu usiyemjua vizuri. Anayeifasiri ni nani? Ni mtu wa kwenu, wa chama kile au chama hiki. Mimi niliitwa. Ningekuwa mwingine?

Nasema hili kwa sababu waajiri sasa ni sisi kwa sisi, na kwa hilo nina uchungu zaidi kuliko kwa wazungu. Meneja wa kizungu alihitaji mfasiri. Kaka yetu hahitaji. Anasoma Kiswahili kama mimi na wewe, anamjua mama yake huyo binti, anajua ukoo, na kesho wako pamoja kwenye arusi na msiba. Yeye akifungua zile picha hakuna kitu kinachobaki kimefunikwa. Kwa hiyo wewe kaka ndiye uliyepaswa kuwa mwangalifu kupita wote, na wewe ndiye unayejisifu mezani!

Kwa walioko nyumbani, msidhani haya ni ya kwetu tu. Kenya ina Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinacholinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Ibara ya 16 ya Katiba, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, yenye tume yake. Zimeandikwa. Lakini waulizeni mnaowajua wanaofanya kazi benki, mahotelini na kwenye mashirika, wangapi waliwahi kuambiwa kwa maandishi ni nini kinachotazamwa kwenye kompyuta zao na nani anatazama.

Na Ghuba je? Huko dada zetu wa kazi za ndani hawana hata kompyuta ya kuibiwa siri. Huko ufuatiliaji ni mama mwenye nyumba kukaa na simu ya binti, ampe Ijumaa nusu saa, tena azungumze mbele yake. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011 unataka mfanyakazi anayelala nyumbani kwa mwajiri aishi kwa namna inayoheshimu faragha yake. Oman nayo ilitoa sheria ya taarifa binafsi mwaka 2022. Nani ataifikisha jikoni? Ila angalau pale tunakubaliana wote kwamba ni unyanyasaji, tunalaani, tunachangishana nauli. Hapa, kwa kuwa aliyechukua siri amevaa tai na ametumia programu, tunasema ni usimamizi bora wa biashara. Mnaona tofauti ya jambo lenyewe? Mimi naona tofauti ya nguo tu.

Wenye kazi na wasiwasi, fanyeni hivi. Muombe mwajiri kwa maandishi sera yake ya ufuatiliaji. Una haki pia hapa Uingereza ya kuomba nakala ya taarifa zako zote alizonazo, bure, na kwa kawaida anatakiwa akujibu ndani ya mwezi mmoja. Huhitaji wakili kwa hilo, barua pepe yako mwenyewe inatosha, na usiitumie kutoka kompyuta ya kazini! Jiungeni na chama, UNISON au RCN au chochote kinachokufaa. Wauguzi wenzangu, mkiitwa ofisini mkasogezewa karatasi za Kiswahili, geuzeni macho upesi kuliko mimi.

Na wewe kaka wa harusini, najua utasoma, maana uliniambia husomi kitu kingine usiku. Sikukutaja jina na sitakutaja. Ninataka unijibu mambo matatu bila kunizungusha na umeme wako. Walezi wako wanajua kwamba unawapiga picha? Hizo picha zinakaa wapi, na mwingine nani ana nywila? Na wewe ulipokuwa mlezi wa usiku kule ulikokuwa, mkeo yuko nyumbani na mimba, ulikuwa unamwandikia kwa kompyuta ya nani?

Naomba kuwasilisha.